Mawe ya Ungwana Si Hati ya Shamba

Msomaji, kama umepata kusafiri kwa njia ya Lamu, bila shaka umelivuka daraja la mto Tana karibu na Garsen. Umeyaona maji mekundu yaendayo polepole, miembe na mashamba ya mpunga upande huu, na makundi ya ng'ombe yakiinua vumbi upande ule. Labda hukuambiwa kwamba ukifika karibu na Witu ukaiacha njia kubwa, ukashika ile ishukayo Kipini, mahali mto unapoingia baharini, utakuwa umeukaribia mji wa mawe uliokufa. Jina lake ni Ungwana. Una kuta, una makaburi, una misikiti, na miwili kati ya hiyo ni misikiti ya Ijumaa iliyosimama ubavu kwa ubavu. Jirani zake, Shaka na Mwana, nayo ni magofu. Ramani huiita ghuba yote Ghuba ya Ungwana; lakini wanafunzi wengi niliowafundisha walimaliza masomo yao bila kuukanyaga mji huo.

Nakuandikia ili nikushawishi uende. Lakini kwanza sharti nikuonye juu ya swali moja ambalo watu hulichukua wanapokwenda kwenye magofu, kama mtu achukuavyo panga. Swali lenyewe ni hili: Mawe haya ni ya nani? Nasema kwamba swali hilo ni baya. Kwamba limewapotosha wageni, limetupotosha sisi wenyewe, na katika nchi yetu ya Tana laweza kumwaga damu. Liko swali jingine lililo jema zaidi: Mawe haya yalijengwaje? Anayeuliza la kwanza hurudi na ugomvi. Anayeuliza la pili hurudi na elimu. Sikiliza jinsi nilivyojifunza jambo hili, maana nilijifunza kwa aibu.

Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na daftari nililolinakili kwa bidii. Juu ya miji ya kale ya pwani, daftari lile lilikuwa na mistari mitatu tu. Wa kwanza ulisema kwamba Waarabu walikuja wakajenga miji ya mawe. Wa pili ulisema kwamba Wareno waliishambulia. Wa tatu ulisema kwamba Wagalla waliibomoa. Nilipopewa kazi ya kufundisha katika shule moja isiyo mbali na Garsen, niliiandika mistari hiyo mitatu ubaoni kama nilivyoipokea, kwa chaki nyeupe na kwa roho safi. Wala sikufikiri kwamba jina lililo katika mstari wa tatu ni jina ambalo watu wa nje waliwapachika Waorma na ndugu zao, nao hawalipendi.

Nilikuwa bado nimeukabili ubao niliposikia sauti nyuma yangu. Mvulana mmoja wa Kipokomo alimwambia mwenziwe wa Kiorma, "Umesikia? Ninyi ndio mliobomoa. Sisi tulikuwapo tangu zamani." Mwenziwe akajibu, "Mlikuwapo wapi? Mwalimu amesema walijenga Waarabu. Basi nanyi ni wapita njia." Darasa likacheka, kisha likanyamaza, na kimya kile kilinitisha kuliko kicheko. Vijana wale walikuwa watoto wadogo mwaka 2012, wakati mapigano ya wakulima na wafugaji yalipozuka katika vijiji vya delta ya Tana, yakaendelea hata mapema mwaka 2013. Walikufa watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwamo. Mapigano yale yalikuwa juu ya malisho, maji na ardhi. Lakini kila upande ulikuwa na maneno yale yale kinywani: sisi tulitangulia. Na mimi, mwalimu wao, nilikuwa nimewapa silaha mpya kwa kipande cha chaki.

Basi na tuzipime hadithi za wanaodai mawe, moja baada ya moja.

Hadithi ya kwanza ni ile ya daftari langu, kwamba mawe ni ya wageni. Hadithi hii ina umri mkubwa na ilikuwa na watetezi wenye elimu. James Kirkman, Mwingereza aliyechimba Gedi kuanzia mwaka 1948, kisha akachimba Ungwana katika miaka ya 1950, alikuwa mtu wa bidii, na bila kazi yake tungejua machache. Lakini yeye na wengi wa zama zile walizitazama kuta, wakamwona mjenzi Mwarabu kabla hawajamtafuta mwingine. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita Gedi mji wa Kiarabu tangu katika anwani yake. Hivyo ndivyo linavyofanya kazi swali la "ni ya nani": hutoa jibu kwanza, kisha hutafuta ushahidi.

Walipokuja watu waliouliza "yalijengwaje", jibu likabadilika. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, si mbali na kwetu. Chini ya msikiti wa mawe alikuta alama za msikiti mdogo zaidi. Chini ya huo, mwingine. Na chini kabisa alikuta mashimo ya nguzo za majengo madogo ya miti, ya tangu karne ya 8. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mji ule haukuteremshwa kutoka merikebuni ukiwa umekwisha jengwa. Ulikua pale pale, kutoka mti kwenda udongo, na kutoka udongo kwenda jiwe, kama mtoto akuavyo nyumbani kwao.

Tena kuna vyungu. Msomaji, usikidharau kigae, maana kigae hakijui kusema uongo. Katika tabaka za chini za miji hii hupatikana vyungu vilivyopambwa kwa mistari na pembetatu zilizochorwa katika udongo mbichi kabla ya kuchomwa. Vimepatikana tangu pwani ya Somalia hata Msumbiji, na katika visiwa vya Komoro, na vingi ni vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Vimepatikana bara pia, mbali na maji ya chumvi, na katika bonde la mto wetu. George Abungu, Mkenya ambaye baadaye aliyaongoza Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alifanya utafiti wake wa chuo kikuu juu ya jamii za mto Tana, na jinsi watu wa delta na watu wa juu ya mto walivyohusiana tangu karne ya 8. Ilipotakiwa kuvipa vyungu hivyo jina, Horton aliviita kwa jina la Tana. Felix Chami wa Tanzania alipendelea jina jingine, litajalo zile pembetatu zenyewe, na wasomi wangali wakibishana. Lakini fikiri, wewe uliyezaliwa Ngao, au Tarasaa, au Garsen penyewe: vigae vinaokotwa Komoro, na vinaitwa kwa jina la mto unaokunywesha. Je, mwalimu wako alikuambia? Wangu hakuniambia, nami sikuwaambia wanafunzi wangu.

Mtu akisikia haya huweza kuruka upande wa pili kwa pupa, akasema: kumbe mawe ni yetu peke yetu! Hii ndiyo hadithi ya pili, nayo ni kilema kama ile ya kwanza, ila huchechemea kwa mguu mwingine. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Waliona kwamba kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, iliyopokewa hasa kwa upande wa mama. Na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, tangu kiasi cha mwaka 1000. Basi wageni walikuja, ndiyo. Walikuja wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakasema lugha ya mama zao. Lugha hiyo ndiyo unayoisoma sasa. Atakayetaka kuligawa jiwe la Ungwana kwa damu, ajue kwamba itambidi amgawe mtoto mmoja baina ya mama na baba.

Hadithi ya tatu ndiyo iliyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hudai mkosaji mahali pa mwenyewe: nani aliubomoa mji? Tuseme tunayoyajua. Mwanzoni mwa karne ya 16 manowari za Wareno, chini ya Tristão da Cunha, ziliuteketeza mji ambao wao waliuandika kwa jina la Hoja, na Kirkman aliamini kwamba Hoja ndiyo Ungwana. Hata hivyo Ungwana uliendelea kukaliwa, ukaja kuachwa katika karne ya 17. Vitabu vya zamani vilitupa lawama yote juu ya wafugaji waliotoka kaskazini. Vita vilikuwako, sikatai. Lakini mji huishi kwa maji ya kisima, kwa biashara ya bahari na kwa amani ya njia, na katika zama zile Wareno walikuwa wamekwisha ivuruga biashara ya pwani nzima. Mto nao hauna uaminifu. Mlango huu wa Kipini, ambao leo twauita mlango wa Tana, ulikuwa wa mto Ozi, mpaka mfereji wa Belezoni uliochimbwa katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ulipoyavuta maji ya Tana huko. Anayechukua kifo cha mji mzima akakibandika juu ya kabila moja ni kama hakimu aliyeandika hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi.

Sasa nikueleze habari ya kwenda, maana nilikwenda mara mbili, na safari hizo mbili hazikufanana hata kidogo.

Mara ya kwanza nilichukua kidato kizima katika basi. Tulifika jua likiwa kali. Wanafunzi walishuka kwa kelele, wakatawanyika kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Niliwasomea maelezo kwa sauti kubwa, na walionisikia ni wale kumi waliokuwa karibu. Wengine walipanda juu ya kuta ili wapigwe picha. Mmoja, tena mwerevu, alitoa msumari akachora jina lake katika lipu ambayo ilikuwa imestahimili mvua kwa mamia ya miaka. Nilipomkemea alisema, "Mwalimu, si umesema hata mwenyewe hajulikani?" Sikuwa na la kumjibu. Kitu kisicho na mwenyewe huharibiwa na kila mtu, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba hakina mwenyewe isipokuwa mgeni aliyekwisha kwenda zake. Tulirudi Garsen tumechoka, na katika insha zao karibu wote waliandika juu ya chakula cha njiani.

Mara ya pili nilichukua wanafunzi wanane. Niliwachagua kwa makusudi, na wale wavulana wawili walikuwamo. Tuliomba ruhusa kwa wahusika mapema, kisha tukamwomba mzee mmoja wa Kipini, aliyekuwa mvuvi ujanani, atuongoze. Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu," akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa na karatasi. Alituketisha chini ya mbuyu akasema, "Leo mimi sisemi neno juu ya wafalme. Nataka mnijengee nyumba. Nani atanipa jiwe?"

Wakatazamana. Binti mmoja mwenyeji wa Kipini akasema jiwe hutoka baharini. Mzee akamshika neno hapo hapo: jiwe gani, na hutolewaje? Tukaelezwa kwamba matumbawe hukatwa yangali mabichi, wakati jiwe ni laini na lachongeka, na yakishakaa kwenye hewa huwa magumu. Ndiyo maana mafundi waliweza kuchonga mihrabu na miimo ya milango kwa ustadi. Kuta nene zilijengwa kwa mawe makavu ya matumbawe, na kilichoyashika ni chokaa. "Na chokaa je?" Binti yule akasema bibi yake alipata kumsimulia: hupangwa kuni nyingi, matumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa, na kinachobaki humwagiwa maji. "Kuni kiasi gani?" akauliza mzee. Hakuna aliyejua. "Basi hapo mjue kwamba kabla ya mji wa mawe kulikuwa na watu wa mashoka, na watu wa kuwabebea maji wale wa mashoka."

Akaendelea. Dari ya nyumba ya mawe hulala juu ya nini? Juu ya boriti za mikoko. Boriti hupatikana wapi? Katika vijito vya delta, ambamo mtu asiyejua kuendesha mtumbwi hawezi kwenda wala kurudi. Hapo mvulana wa Kipokomo aliinua kichwa, kwa kuwa mtumbwi kwake ni kama miguu. Alieleza jinsi mti uliokatwa unavyofungwa na kufuata maji yanapopwa na kujaa, na mzee alimsikiliza kama mtu anayejifunza. Kisha mzee akauliza, "Na watu wote hawa, wakata mawe, wachoma chokaa, wenye mashoka, wenye mitumbwi, walikula nini?" Wakataja mtama, samaki na nazi. "Wali mkavu tu, bila nyama wala maziwa?" Wakacheka. Mvulana wa Kiorma, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akasema polepole kwamba mji mkubwa namna ile hauwezi kukaa bila wenye mifugo karibu, na kwamba ng'ombe hawasogezwi karibu na mji kama hakuna maji na maelewano. Nikakumbuka kwamba huko Shanga wachimbaji walikuta mifupa ya ng'ombe na ya ngamia. Niliwaambia. Huo ndio mchango wangu wote wa siku ile.

Kisha tukaingia magofuni, watu kumi tu, tukitembea nyuma ya mzee kwa mstari mmoja. Hakuna aliyepanda ukuta. Hakukuwa na haja ya kukataza, maana kila mmoja alikuwa amekwisha ujenga ukuta ule kichwani mwake, na mtu hakanyagi kazi ya mikono yake. Niliwapa utepe wa kupimia. Wale wavulana wawili walipima upana wa msikiti. Mmoja alishika utepe, mwingine aliandika hesabu. Sitakudanganya kwamba walikumbatiana au walitubu. Hadithi za namna hiyo zimo katika vitabu vya watoto. Walipima tu. Walibishana juu ya hesabu, wakarudia kupima, wakakubaliana. Katika nchi yetu hilo si jambo dogo.

Najua kuna watakaonipinga, nami ni haki niwajibu.

Wa kwanza atasema kwamba Ungwana ni mbali, njia ni mbaya wakati wa mvua, na nauli ni ghali kwa wazazi. Ni kweli, na mwalimu ni lazima aulizie hali ya njia na usalama kabla ya kuondoka. Lakini ndiyo sababu nasema watu wachache. Wanane wakienda vizuri, wakarudi na michoro na vipimo, wakawasomea wenzao darasani, kidato kizima kimekwenda. Sitini wakienda vibaya, hakuna aliyekwenda. Tena kila wilaya ina mawe yake. Aliye mbali na pwani asidhani kwamba amenyimwa. Karibu na ziwa Turkana, kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, wafugaji walisimamisha nguzo za mawe juu ya makaburi yao. Mahali paitwapo Lothagam Kaskazini wachunguzi walieleza mwaka 2018 kwamba walizikwa watu wasiopungua 580, wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, wala hawakuona dalili ya kuwatenga wakubwa na wadogo. Watu husema kwamba hizo ni zama za kabla ya historia. Mimi silipendi neno hilo. Hazikuwa kabla ya historia. Zilikuwa kabla ya karatasi. Wafugaji waliohamahama walikutana, wakabeba mawe, wakawazika wafu wao pamoja. Hilo lisipokuwa historia, sijui historia ni nini.

Wa pili atasema kwamba magofu hayajazi tumbo. Nitamjibu kwa mfano wa Gedi. Msitu unaoyazunguka magofu yale ulikuwa ukitazamwa na baadhi ya majirani kama shamba walilonyimwa. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ambao wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yao ng'ambo, na makao yake yako pale pale Gedi. Mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji wa Gedi katika orodha ya urithi wa dunia. Siahidi kwamba Ungwana utamtajirisha mtu. Nasema tu kwamba ukuta uliosimama una uwezekano wa kumlisha mjukuu wako, na ukuta uliovunjwa ili kupata mawe ya msingi wa choo hauna.

Wa tatu ndiye mpinzani ninayemheshimu zaidi. Atasema: "Mwalimu, wewe wakataza watu kuuliza 'ni ya nani'. Je, ngoma ya Ngadji?" Ameniweza, karibu. Ngadji ni ngoma kuu takatifu ya Wapokomo. Ilichukuliwa na maofisa wa serikali ya kikoloni, na tangu mwaka 1908 imekuwa mali ya Makumbusho ya Uingereza huko London. Wapokomo wanaidai, na mimi naidai pamoja nao. Basi sikiliza tofauti. Kitu kilichonyang'anywa mikononi mwa mtu anayejulikana, huulizwa ni cha nani, na jibu ni lazima litolewe. Hapo swali ni la haki, na linaulizwa kwa aliyechukua. Lakini mji wa Ungwana haukunyang'anywa na jirani yako mfugaji, wala haukuibwa na jirani yako mkulima. Kulielekeza kwa jirani swali lililomstahili mnyang'anyi ni kumpiga ndugu kwa kosa la mwizi aliyekwisha vuka bahari.

Tena kuna kitu kingine kilichotoka Tana ambacho huimba kila siku bila kuuliza ni cha nani. Wimbo wa Taifa wa Kenya, tuliokuwa nao tangu Uhuru mwaka 1963, sauti yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Mama mmoja kando ya mto alimtuliza mtoto wake, na leo taifa zima husimama wima kwa sauti ile. Je, Wapokomo wameupoteza wimbo huo? La, wameukuza. Mluo akiuimba hawaibii, Mturkana akiuimba hawanyang'anyi. Vivyo hivyo mawe ya Ungwana. Yalichongwa na mikono fulani, mahali fulani, na ni heshima kuitafuta mikono hiyo na kuitaja. Lakini kujua ni nani aliyejenga si kusema ni nani afukuzwe.

Basi, wewe uliye katika kidato sasa, nakusihi uende. Usisubiri serikali ikupeleke wala usisubiri uwe mtalii. Nendeni wachache, watu wa nyumba mbalimbali na lugha mbalimbali, si marafiki watupu. Ombeni ruhusa, na mtafuteni mwenyeji awaongoze, kwa kuwa asiyeuliza hana ajifunzalo. Chukueni kamba ya kupimia na daftari. Msumari uacheni nyumbani. Kigae mkikiona, kitazameni, kichoreni, kisha kiacheni pale kilipo, maana kigae kilichohamishwa ni shahidi aliyekatwa ulimi. Na mkumbuke kwamba sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa humwadhibu anayeharibu magofu yanayolindwa. Ingawa ningependa zaidi usiharibu kwa kuwa unajua ukuta mmoja ulihitaji mashoka mangapi.

Mimi nimekwisha ifuta mistari yangu mitatu. Kila mwaka, siku ya somo lile, huandika ubaoni swali moja tu, lile la mzee wa Kipini: nani atanipa jiwe? Kisha huketi nikangoja. Daima mkono wa kwanza huinuka kwa wasiwasi, halafu wa pili, na kabla ya kengele kulia mwenye mtumbwi amekwisha gundua kwamba hawezi kumaliza nyumba bila mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe amegundua kwamba dari haina boriti. Nyumba ile haimaliziki katika kipindi kimoja. Huwaambia waje nayo kesho.